Injili Mabegani mwa Wapagazi

Oktoba 1873 msafara uliobeba maiti uliingia Kwihara, jirani na Tabora. Viongozi wake walikuwa Chuma na Susi, na maiti yenyewe ilikuwa ya David Livingstone, aliyefariki mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi tunayoiita leo Zambia. Watumishi wake walikuwa wameukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari ya kurudi pwani bila kuamriwa na mtu. Kwihara walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta mzee huyo akidhaniwa kuwa bado hai. Cameron aliona afadhali azikwe papo hapo Unyanyembe. Wao walikataa katakata.

Mbele kidogo walipata habari kwamba wenyeji wa njiani hawataruhusu maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo wenye umbo la maiti, wakaeneza habari kwamba wameurudisha Unyanyembe kuuzika. Mwili wenyewe waliuzungushia kitambaa ukawa robota la nguo kama marobota mengine yote yaliyopita njia ile kila siku. Februari 1874 robota hilo lilifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili likazikwa kwa heshima za kitaifa Westminster Abbey, London. Miongoni mwa waliolibeba jeneza siku hiyo alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) huko Nasik, India. Ndiye aliyesoma sala za maziko kule kwa Chitambo na kuchonga maandishi juu ya mti. Tutakutana naye tena.

Mazishi hayo yaliwasha moto katika makanisa ya Kiprotestanti ya Uingereza. Ndani ya miaka mitatu Waskoti walikuwa wameingia Ziwa Nyasa, CMS wameelekea Buganda, na London Missionary Society (LMS), chama kilichomtuma Livingstone ujanani mwake, kimeamua kwenda Ujiji. Vitabu vingi vya historia ya Kanisa huianza habari hii kwa wito wa Mungu na ujasiri wa Wazungu. Sina ugomvi na wito. Ila nadhani aliyeamua nini kiwezekane na nini kisiwezekane magharibi mwa Tanzania katika miaka ile alikuwa mpagazi pamoja na mtemi ambaye msafara ulipita nchini kwake.

Hata ujuzi wa kwamba kuna maziwa huko bara ulitoka njiani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine mwaka huohuo, akabaki na ndoto ya kujenga mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari. Wenzake Rebmann na Erhardt waliwahoji wafanyabiashara waliorudi kutoka Unyamwezi na Ujiji, Erhardt akiwa ameketi Tanga, na kutokana na maelezo hayo wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Ilichapishwa mwaka 1856, wasomi wa London wakaicheka. Burton na Speke walitumwa kuhakikisha, na mwishoni mwa 1857 walifikia Kazeh, yaani Tabora, wakakaribishwa na Waarabu waliokuwa wakiyajua maziwa hayo kwa majina. Ziwa moja lilikuwa maziwa matatu. Wapagazi walisema kweli, mchoraji ndiye aliyeyaunganisha.

Fedha za safari ya Ujiji zilitoka kwa Robert Arthington wa Leeds, tajiri aliyeishi kama fukara katika chumba kimoja na kutoa mali yake kwa ajili ya misheni. Mwaka 1876 aliahidi pauni 5,000. LMS ikamwita Roger Price kutoka kusini mwa Afrika aende kuipima njia. Price alikuwa mtu wa majaribu makubwa: mwaka 1860 mke na mtoto wake walikufa katika jaribio la misheni kwa Wamakololo wa Linyanti. Tena alikuwa mtu wa magari ya ng'ombe, kwani huko kusini mmisionari alisafiri na nyumba yake yote juu ya gari. Alipotazama gharama za wapagazi akaona ni upotevu. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Alilipwa kwa merikani, kaniki, ushanga au nyaya, na juu ya hayo alipewa posho kila siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mizigo ya msafara wowote ilikuwa ni nguo za kuwalisha wanaobeba mizigo. Price alijaribu ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876, wakafika salama, akarudi London na habari njema.

Mwaka uliofuata msafara mzima uliondoka Saadani na magari yake. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Magari yalikwama katika makorongo na matope ya Usagara, na wamisionari wakasimama Kirasa wakisubiri. Price akarudi Uingereza kueleza kilichotokea. Waliobaki walifanya walichotakiwa kukifanya tangu mwanzo: wakatafuta wapagazi.

Na wapagazi wa njia ile hawakuwa watu wa kuokotwa tu. Wanyamwezi walikuwa wameifanya kazi hii kabla Waarabu hawajafika Tabora, wakipeleka pembe na majembe pwani kwa hiari yao. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabika bado hajakua. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia, walikuwa na desturi za kupanga mapatano, na mkubwa wa msafara akiwaonea waliweza kutua mizigo na kuondoka usiku. Mmisionari aliyedhani ameajiri vibarua aligundua Ugogo, huku akidaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, na kila mtawala, kwamba ameingia katika biashara yenye sheria zake, naye ndiye mgeni asiyezijua.

J. B. Thomson na Edward Coode Hore, aliyekuwa baharia, walifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Septemba, Thomson akafa. Arthur Dodgshun, aliyebaki nyuma na mizigo, alifika mwishoni mwa Machi 1879, akafa tarehe 3 Aprili, wiki moja tu baada ya kufika. London ilishtuka. Katibu wa chama mwenyewe, Dkt. Joseph Mullens, mtu wa makamo aliyefanya kazi Kalkuta miaka mingi, akaamua kuja kuona tatizo ni nini. Alikufa tarehe 10 Julai 1879 kabla ya kufika Mpwapwa, akazikwa hapo Mpwapwa. Makaburi haya tunayajua kwa tarehe kwa sababu ripoti ziliandikwa. Wapagazi waliokufa kwa ndui na kuhara katika misafara hiyohiyo hawakuandikiwa hata majina.

Aliyekuwa pamoja na Mullens ni daktari kijana, Ebenezer Southon. Yeye hakwenda Ujiji. Aliishia Urambo, kwa Mirambo.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana hakuna sehemu ya historia hii iliyo tajiri kuliko hii. Mirambo alianza kama mtemi mdogo wa Uyowa, akakusanya ruga-ruga, yaani wapiganaji wenye bunduki, akajenga dola lililoishika njia ya magharibi ya Tabora. Kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kiasi kwamba njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, akashindwa pamoja nao, ikambidi azunguke mbali kusini. Miaka mitano baadaye Stanley huyohuyo alichanjiana damu na Mirambo na kuandika kwamba ni muungwana. Mirambo alijua thamani ya rafiki Mwingereza. Unguja kulikuwa na balozi wa Uingereza, Kirk, aliyesikilizwa na Sultani, na Tabora kulikuwa na liwali wa Sultani aliyetaka Mirambo avunjwe. Mtu wa kumwandikia barua kwa balozi alikuwa mali kuliko sanduku la baruti.

Kwa hiyo Southon alipokelewa vizuri sana mwaka 1879. Alipewa mahali pa kujenga kilimani, akapata wagonjwa wengi kuliko alivyoweza kuwatibu, akawa daktari wa mtemi na katibu wake pia. Siku za Jumapili alihubiri, Mirambo alisikiliza na kuuliza maswali. Southon aliandika kwa matumaini makubwa kuhusu mfalme huyo, na mtu akisoma taarifa zake leo anaona mapenzi ya kweli ndani yake. Lakini Mirambo hakubatizwa na hakuna dalili kwamba alikusudia. Alichokitaka alikipata: dawa, barua, na jina zuri Unguja.

Jina hilo liliharibika Juni 1880. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walijikuta katika boma lililoshambuliwa na jeshi la Mirambo huko Mpimbwe, wakauawa. Southon alijitahidi kueleza kwa barua kwamba halikuwa kusudi la mtemi. Kirk hakuridhika, na ndoto ya urafiki na Uingereza ikafifia. Unaweza kusema misheni ya Urambo ilipoteza msingi wake siku hiyo, kwa sababu kuanzia hapo Mirambo alikuwa na daktari tu, hakuwa tena na mlango wa kwenda Unguja.

Hata daktari hakudumu. Juni 1882 bunduki iliyokuwa mkononi mwa mtumishi wake ilifyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikamvunja Southon mkono. Mganga pekee wa kizungu katika nchi yote ile alikuwa yeye mwenyewe. Alituma watu Uyui, kaskazini mwa Tabora, kwa Copplestone wa CMS, ambaye hakuwa amesomea udaktari. Copplestone alikuja haraka, na kwa kufuata maelekezo ya mgonjwa mwenyewe akaukata mkono ule. Kidonda hakikupona. Wajerumani wawili wa msafara wa kisayansi, Böhm na Kaiser, walifika kusaidia, mkono ukakatwa mara ya pili juu zaidi. Southon akafa tarehe 26 Julai. Mirambo alimfuata Desemba 1884, na nduguye Mpandashalo akarithi dola ambalo hakuna aliyeweza kulishikilia kama mwanzilishi wake.

Kituo cha Uyui alikotoka Copplestone kilikuwa hatua katika njia ya CMS ya kwenda Buganda: mahali pa kupumzisha misafara, kupokea barua na kuuguza wagonjwa. Hata huko njia ilidai vyake. Desemba 1878 mhandisi wa CMS, William Penrose, aliuawa Mgunda Mkali na ruga-ruga wa Nyungu ya Mawe. Septemba 1882 James Hannington alifika Uyui akiwa hoi kwa kuhara damu, akauguzwa, akajaribu kuendelea hadi ziwani, mwisho akarudishwa Uingereza. Aliporudi akiwa askofu alikwepa kabisa njia ya Tabora na kupita Umasai, akauawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyekuwa na hofu na wageni watokao upande huo. Njia ndefu ya Unyamwezi, pamoja na hongo na homa zake, ilikuwa angalau njia ambayo watawala waliizoea. CMS iliiacha Uyui kabla muongo haujaisha.

LMS wakati huo ilikuwa na mawazo makubwa zaidi: mashua ya chuma kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Morning Star ilitengenezwa Uingereza kwa vipande, ikateremshwa Saadani mwaka 1882. Hore, akisaidiwa na baharia mwingine aitwaye Alfred Swann, aliiburuta juu ya vigari vya mikono katika kijia ambacho kwa kawaida watu walipita mmoja mmoja. Ilibidi wakate miti, wavushe vyuma juu ya mito, wavipandishe milima ya Usagara. Nami nikiri kwamba naona kuna wazimu wa kupendeza katika jambo hili. Mashua ilifika Ujiji mwaka 1883, ikaunganishwa, ikaelea. Waliovuta kamba hizo miezi kwa miezi walirudi kwao wakiwa na doti zao za merikani, na jina la mashua wala halikuwa la lugha yao.

Mke wa Hore, Annie, alipita njia hiyohiyo mwaka uliofuata akiwa na mtoto wao mdogo. Wapagazi walimbeba katika kiti cha wagonjwa kilichogeuzwa kuwa machela. Safari kutoka pwani ilichukua siku 90, nao wakafika Ujiji Januari 1885. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kiliwafurahisha wasomaji wa Uingereza, waliomwona kama shujaa. Ushujaa ulikuwepo. Lakini msafara wa siku 90 pamoja na mtoto mdogo hauwezekani pasipo wabebaji stadi na wapishi wanaojua kila kisima. Hore mwenyewe alilifahamu hilo. Katika wamisionari wote wa LMS njiani, yeye ndiye aliyekuwa na subira. Alikaa Ujiji kimya kimya mbele ya Waarabu waliomshuku, akaizunguka pwani ya ziwa akichora ramani, akapatana na machifu mmoja baada ya mwingine bila kupiga risasi.

Hata hivyo Ujiji haikudumu kama kituo. LMS iliona ni rahisi kufika kusini mwa ziwa kwa kupitia Ziwa Nyasa, ikahamishia nguvu zake huko, na Urambo ikabaki kama kisiwa. Mwaka 1888 pwani iliinuka chini ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, njia ikafungwa, barua zikakoma. Mwaka 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa na majeshi ya Tom von Prince. Wamisionari wa Urambo, Shaw na Draper na wenzao, walifundisha watoto wachache, wakatibu vidonda, wakaandika kwao London kwamba hakuna mavuno.

Jacob Wainwright alikuwapo Urambo miaka hiyo akifanya kazi na LMS. Yule aliyebeba jeneza mbele ya wakuu wa Uingereza alifia Urambo mwaka 1892. Kama kuna mtu mmoja aliyeijua njia ile kutoka pande zote, utumwani, shuleni, katika msafara wa maiti na misheni, ni yeye. Katika picha maarufu za wakati ule huonekana amesimama kando ya jeneza, na baada ya hapo historia iliyoandikwa humwacha.

Mwaka 1898 LMS iliwakabidhi Wamoravian kituo cha Urambo. Kulikuwa na mantiki: nchi sasa ilikuwa ya Ujerumani, nao Wamoravian walikuwa Wajerumani waliokwisha kuweka makao Rungwe tangu 1891. Ila kulikuwa pia na jambo la zamani zaidi. Kanisa hili dogo la Herrnhut lilikuwa limetuma wamisionari mapema kuliko karibu makanisa yote ya Kiprotestanti. Mwaka 1732 watu wawili, fundi wa vyungu aitwaye Leonhard Dober na seremala David Nitschmann, waliondoka kwenda visiwa vya Karibi kuhubiri kwa watumwa Waafrika waliolima miwa. Mwaka uliofuata wengine walikwenda Greenland. Mmisionari Mwingereza Carey alikwenda India mwaka 1793, na LMS ilizaliwa 1795, vizazi viwili baadaye. Mmoravian alifundishwa kuishi kwa kazi ya mikono yake na kutotegemea mapato makubwa, na pengine hiyo ndiyo iliyomfaa Unyamwezi. Rudolf Stern alitoka kusini, kwa njia ambayo misafara ya pwani haikuijali, akashika Urambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 vituo vikafuata Kitunda, Sikonge na Ipole, kusini mwa barabara kuu, penye vijiji na mashamba kuliko soko. Edmund Dahl alijitosa katika Kinyamwezi na kuacha kamusi inayotumiwa na wasomi hadi leo. Hawakuwa na mashua wala mfalme wa kuongoa. Walikuwa na shule za vijijini zilizofundishwa na Wanyamwezi wenyewe.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na biashara ya wapagazi ikafa. Kwa muda mfupi tu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, majeshi ya pande zote yalirudi kuwakamata wanaume wabebe mizigo, safari hii bila mapatano wala doti za kujivunia. Wajerumani waliwafunga Tabora wamisionari Waingereza wa CMS na wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA), na walimu Waafrika wa misheni hizo pia walikamatwa kwa tuhuma za ujasusi, baadhi yao wakafungwa minyororo. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, na sasa ikawa zamu ya wamisionari Wajerumani kuondolewa. Mdenishi mmoja wa Wamoravian, Gaarde, aliruhusiwa kubaki kwa kuwa nchi yake haikuwa vitani. Mtu mmoja hawezi kuendesha makanisa yaliyotawanyika kutoka Urambo hadi Kitunda. Wazee na walimu wa vijijini waliyaendesha, wakafundisha katekisimu, wakazika wafu, wakasubiri.

Mtoto aliyezaliwa Unyamwezi katikati ya vita hivyo, mwaka 1915, aliitwa Teofilo Kisanji. Mwaka 1966 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Wamoravian, Mwafrika wa kwanza katika cheo hicho hapa Tanzania. Chuo kikuu chenye jina lake kipo Mbeya, upande alikotokea Stern, wala si Tabora, jambo ambalo baadhi ya Wanyamwezi wangeweza kulinung'unikia kidogo.